Mizinga ya Mbao ya Kasanga

Barabara itokayo Sumbawanga hupita Matai, kisha huuacha uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka hadi Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo Wajerumani walikuwa na boma waliloliita Bismarckburg. Mwezi Juni 1916, kamanda wa wanamaji wa Uingereza, Geoffrey Spicer-Simson, alilikaribia boma hilo kwa mashua zake za vita. Alipoiona mizinga yake aliacha kushambulia, akarudi Kituta, kusini mwa ziwa. Askari wa boma wakapata nafasi ya kutoroka kwa njia ya maji. Jeshi la nchi kavu lilipoingia bomani, ikadhihirika kuwa mizinga ile ilikuwa ya mbao. Meli ya Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba, nayo iliwekewa mzinga wa mbao baada ya ule halisi kuondolewa.

Mbao iliwezaje kuonekana chuma? Jicho la mwanadamu huweza kutenganisha nukta mbili iwapo pembe iliyo kati yake haipungui sehemu ya 60 ya digrii moja. Kwa umbali wa kilometa 3.4, pembe hiyo ni sawa na mita 1. Darubini inayokuza mara 8 hupunguza kiasi hicho hadi sentimita 12.5 hivi. Kwa hiyo mzinga wenye urefu wa mita 4 huonekana, lakini tundu la sentimita 10 mdomoni mwake halitambulikani, wala misumari na nyuzi za mbao. Fundi wa mzinga bandia hulazimika kupatia urefu, unene na mwinamo. Mengine aweza kuyaacha.

Kanuni hiyo huwafaa pia wakusanyaji wa vifaru vidogo vya plastiki, ambao mara nyingi hutatizwa na maamuzi ya watengenezaji. Kwa nini, kwa mfano, skeli ya 1:35, na si 1:50 au 1:100 iliyo rahisi kuhesabu? Asili yake ni kifaru cha Panther kilichotolewa na kampuni ya Tamiya ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukubwa wake ulipangwa ili mota na betri zienee ndani. Skeli ilihesabiwa baadaye, na kampuni nyingine zikaifuata. Lakini atazamaye kifaru hicho kwa umbali wa sentimita 30 ni kama aliyesimama mita 10.5 kutoka kifaru halisi. Hapo makosa madogo hayafichiki.

Jambo hili laweza kujaribiwa shuleni. Kijiti cheusi cha sentimita 11.4 huwakilisha mzinga wa mita 4 kwa skeli ya 1:35. Kiwekwe mbele ya ukuta mweupe, na kando yake bomba jeusi la kalamu lenye urefu na unene uleule, midomo yote miwili ikielekea kwa watazamaji kwa mshazari. Wanafunzi waanze mita 97, umbali unaolingana na kilometa 3.4, kisha wasogee polepole na kuandika ni mita ngapi zilizobaki walipolitambua tundu. Jedwali lao litaonyesha jinsi mashua za Spicer-Simson zingepaswa kusogea kabla ya kamanda huyo kuitambua mbao.