Cha kununua, cha kuazima na cha kupakua

Mwezi wa tatu nilisimama kwenye duka moja la vitabu lenye kiyoyozi hapa Dar es Salaam, nimeshika riwaya ya njozi iliyotoka Uingereza, nene kama tofali, jaladani joka limejiviringisha kwenye mnara. Nyuma pana kibandiko: shilingi 48,000. Nikakisoma tena, labda macho yamenidanganya. Hayakunidanganya. Tena kilikuwa cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitano. Kwa maana nyingine, nikinogewa nimekwisha, bado vinne. Nikakirudisha rafuni taratibu, nikamwambia binti wa kaunta kwamba nitapita siku nyingine. Akatabasamu kama mtu aliyeizoea ahadi hiyo.

Hizo 48,000 nilikuwa nazo mfukoni. Nikaona nizitenge, nitazame kwa miezi mitatu zitanisomesha nini nje ya duka lile. Nilijiwekea sharti la kusoma njozi, za kutisha na vitabu vya kweli, na kuandika kila shilingi inayotoka, nauli ikiwemo. Kwamba vitabu vya mtumba ni bei nafuu, hilo halihitaji utafiti. Nilichojifunza ni kwamba kila aina ya kitabu ina namna yake ya kulipiwa, na ukikosea namna ndipo unapopigwa.

Nianze na njozi, maana huko ndiko nilikofaidi zaidi. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza 1952, nilikinunua kipya kwa shilingi 8,000. Ni kitabu chembamba, unaweza kukidharau ukikipima kwa unene. Mfalme Rai anamtuma Sarahani kwenda Janibu kudai kodi, na huko Sarahani anagundua siri ya liwali Adili: mtu yule mpole, anayesifiwa na kila mtu, kila usiku anawachapa manyani wawili. Kwa nini? Hapo ndipo Shaaban Robert anapokushika ukosi asikuachie. Nilikuwa nakisoma kwa sauti sebuleni, umeme umekatika, na nilipofika mahali manyani wanapoletwa, wanangu wawili waliweka simu chini bila kuambiwa. Mama yao naye akasogeza mkeka. Gawanya 8,000 kwa watu wanne, kila mmoja kalipiwa 2,000, na mdogo amenisomesha mara mbili zaidi. Sijui burudani gani nyingine mjini hapa inayouzwa bei hiyo.

Kusadikika nilikipata kwa shilingi 3,000, kando ya barabara, kimepangwa kwenye turubai kati ya vitabu vya hesabu na Biblia zisizo na majalada.

"Hicho cha shule, mzee," kijana akanionya.

"Najua, mdogo wangu. Zamani nilikisoma kwa ajili ya mtihani. Sasa nataka nikisome."

Akacheka, akanipunguzia mia tano, kisha akakumbuka kuwa ameshataja 3,000 akairudisha. Nakala yenyewe imejaa penseli ya mwanafunzi fulani: "dhamira", "tashihisi", "hii ilitoka mtihani". Nusu ya kwanza ya kitabu ameipigia mistari mpaka karatasi imechoka. Nusu ya pili safi kabisa, nadhani likizo ilimkuta njiani. Ni hadithi ya nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema wakaishia gerezani. Nikiwa kijana niliona Karama anasema mno. Hata leo naona anasema mno. Ila sasa nimeshakaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba mwenye hoja nzuri huwa halipwi asante, na nilikisoma usiku mmoja bila kukiweka chini. Kilichapishwa 1951, wakati wa mkoloni, na hiyo peke yake inatosha kumfanya msomaji asome kati ya mistari.

Mnisamehe nitoke nje kidogo. Bei ya Kusadikika ni ndogo kwa sababu kimepita shuleni miaka na miaka, hivyo nakala zake zimejaa mjini. Kitabu cha Kiswahili kikiingia kwenye orodha ya fasihi ya sekondari, kama vilivyoingia Takadini na Joka la Mdimu, kinachapishwa kwa wingi na mtumba wake hauishi. Kisipoingia, kinatoka toleo moja, kinapotea. Jaribu kutafuta Nagona cha Kezilahabi, kilichotoka 1990, kitabu cha ajabu kuliko majoka yote ya Uingereza. Mimi nimezunguka maduka matatu na turubai zisizo na idadi, na sijakipata. Kwa hiyo njozi ya Kiswahili ukikutana nayo, nunua siku hiyo hiyo. Usiseme utapita tena.

Za kutisha ni habari nyingine, na hapa ndipo nilipopigwa. Nilinunua The Shining cha Stephen King, mtumba, shilingi 5,000. Kilitoka 1977: familia inabaki peke yake majira ya baridi kulinda hoteli kubwa huko milimani Colorado, theluji imefunga njia, na hoteli yenyewe inaanza kumla baba akili. Nilikisoma feni imezimika, jasho linachuruzika mpaka kurasani, na bado nilihisi baridi. King anajua kumtia mtu hofu kwa vitu vya kawaida. Bomba la zimamoto lililoviringishwa ukutani lilinifanya niwashe taa ya ukumbini. Mtoto yule mdogo, Danny, nilimwonea huruma kama wangu. Kisha nikafika karibu na mwisho, nikafungua ukurasa, nikakuta gundi kavu. Kurasa za mwisho zimeng'oka, hazipo.

Nikamrudia muuzaji. Akanitazama kwa utulivu kabisa. "Bosi, si ulikishika mwenyewe?" Kweli nilikishika, nilikifungua mwanzo tu. Mpwa wangu, aliyeangalia filamu, akanihurumia akanisimulia mwisho: baba anaganda kwenye theluji. Nikatosheka. Wiki mbili baadaye, mtu aliyesoma kitabu kizima akanicheka. Anayeganda ni yule wa filamu ya Kubrick ya 1980. Katika kitabu, boila inalipuka na hoteli inateketea. Kwa hiyo nililipa 5,000, nikapewa mwisho wa bure, na haukuwa wenyewe. (Kama hujakisoma na nimekumwagia mtama, pole, mimi pia nilimwagiwa.) Tangu siku hiyo, kabla sijatoa hela kwenye turubai, natazama mambo matatu: ukurasa wa mwisho, uzi wa katikati, na namba za kurasa pale kitabu kinapofunguka chenyewe, maana hapo ndipo huwa pamechanwa.

Lakini hata kama kingekuwa kizima, nisingekishauri kwa bei ya dukani. Hadithi ya kutisha husomwa mara moja. Ukishajua kilicho nyuma ya mlango, mlango hauna kazi tena. Ndiyo maana Dracula cha Bram Stoker niliona raha kukipata bure. Kimetoka 1897, mwandishi amefariki 1912, hakimiliki ilishakwisha, na maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg inakigawa kihalali. Faili la maandishi matupu halifiki hata MB moja. Nilinunua bando la 2,000 na sehemu kubwa ikaishia kwenye mpira. Sura nne za mwanzo, shajara ya Harker ndani ya ngome ya yule bwana, ni za kutisha kweli kweli, zisomwe usiku. Baada ya hapo wanaume wazima wanaandikiana barua na kupongezana mpaka nikasinzia. Kama ningekilipia 40,000 ningejilazimisha kumsifu Stoker. Kwa bure nasema ukweli: sura nne hizo tu ndizo dhahabu.

Kilichonitisha kuliko vyote hakina ngome wala theluji. Ni Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, kilichochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Kijana Gusto anaachiwa na baba yake urithi ambao hakuuomba: uchawi. Hofu ya kitabu hiki inatoka kwa watu wa kijiji kimoja wanaosalimiana asubuhi na kushukiana jioni, na hiyo naijua kwa karibu kuliko mashetani ya Ulaya. Nakala niliazima kwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, aliyekifunika kwa gazeti kama daftari la mwanafunzi. Akaniandika jina kwenye kijitabu chake, akanipa wiki mbili. Nilikirudisha siku ya kumi na tatu pamoja na kilo ya sukari, shilingi 3,000. Sukari haikuwa sharti, ila nataka kuazima tena.

Mzimu wa Watu wa Kale nakitaja haraka ili usije ukanunua kwa kosa. Jina linatisha, lakini kilichomo ni upelelezi wa Bwana Msa, na Muhammed Said Abdulla hakukusudia kukunyima usingizi. Kilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kikatoka 1960. Nililipa 4,000. Kiswahili chake cha Unguja kinateleza kama samli. Kwa lugha tu inalipa.

Vitabu vya kweli ndivyo vilivyonichanganya hesabu. Wasifu wa Siti binti Saad nilinunua kipya, 10,000. Maisha yenyewe yana kila kitu: muuza vyungu kutoka Fumba anaingia mjini, anaishia kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Lakini Shaaban Robert anasifu zaidi ya anavyochunguza. Ukitaka kujua alilipwa kiasi gani au alisafiri vipi, utatoka na njaa. Hiki ningekiazima kwanza. Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyeondoka Unguja 1866 na kuandika kwa Kijerumani kitabu kilichotoka 1886, nilisoma tafsiri ya Kiingereza bure kwenye simu ile ile. Huyu ndiye anayejua kutazama: vyumba vya Beit el Mtoni, nani anakaa wapi, nani hasemeshani na nani. Anawatetea watu wa kwao mpaka mahali pengine, hasa kuhusu utumwa, nilibishana naye kwa sauti ndani ya daladala.

Cha Walter Rodney, jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, cha 1972, nilikisoma Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ada ya uanachama nilishalipa mwanzoni mwa mwaka, siihesabu. Nauli, safari tatu kwenda na kurudi, 3,600. Rodney alifundisha Chuo Kikuu hapa hapa, na kitabu kina maneno ya mwisho ya Abdulrahman Babu. Ni kigumu mahali, sura za uchumi nilizirudia. Lakini kila nikifika nyumbani nilikuwa nataka kukitazama tena, kulinganisha ukurasa huu na ule, na kwenye simu kazi hiyo inachosha. Kitabu unachokirudia namna hii ndicho kinachostahili hela ya karatasi. Dukani nilionyeshwa nakala ya 35,000. Nimeanza kuiwekea akiba.

Utaniuliza, mbona usitoe kopi? Nilipiga hesabu hiyo nikiwa stesheneri. Kitabu cha kurasa 200, ukitoa mbili kwenye karatasi moja, ni karatasi 100. Kwa shilingi 100 kila moja ni 10,000, ongeza kubaindi 2,000. Jumla 12,000, yaani zaidi ya nilivyolipia Siti au Adili mpya, na mkononi una lundo lisilosimama rafuni. Bado sijagusa kwamba ni wizi, na kwamba mwandishi wa Kiswahili ndiye anayeibiwa kabla ya wote. Kuhusu kishikwambi cha kusomea, kama unasoma Kiingereza tu na huna shida ya dola, kitajirudishia gharama. Riwaya nyingi nilizozitaja za Kiswahili hutazikuta humo.

Hesabu yangu basi: Adili 8,000, Kusadikika 3,000, King asiye na mwisho 5,000, Bwana Msa 4,000, Siti 10,000, bando 2,000, sukari 3,000, nauli 3,600. Jumla 38,600 kwa vitabu tisa, vinne na nusu vikiwa vyangu. Imebaki 9,400, nayo imekwenda kwenye akiba ya Rodney.

Yule joka bado yuko rafuni, nilipita nikamwona. Adili na Nduguze ndicho hakipo kwangu: jirani alikiazima wiki ya mwisho ya Ramadhani akaniahidi siku tatu. Kama anasoma hapa, akirudishe. Mtoto anakiulizia kila umeme ukikatika.