Mama Mjamzito, Simu Yako Ikusaidie Hadi Siku ya Kujifungua

Simu ile ile unayotumia kulipa karo na kununua tokeni za stima inaweza kukusaidia kulea mimba salama. Wateja wetu wengi ni akina mama. Wengine ni mabwana, nyanya na mashangazi wanaowatumia pesa. Leo tunaongelea meseji za kliniki: zinafanya kazi vipi, na mjipange vipi ili pesa isiwe kizuizi.

Meseji hizi ni gani?

Ukianza kliniki, muulize nesi kama kituo hicho kinasajili akina mama kwa huduma ya SMS. Mfano mmoja hapa Kenya ni PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health. Mama anapata meseji bure kulingana na umri wa mimba, na baadaye umri wa mtoto: siku ya kliniki, lishe, kunyonyesha, chanjo. Hata kabambe inatosha.

Kizuri zaidi, unaweza kujibu na kuuliza swali. Mazungumzo ya aina hii yameshajaribiwa hapa kwetu. Katika utafiti wa WelTel uliochapishwa mwaka 2010, watu waliokuwa wakitumia dawa za HIV walitumiwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Wakajibu "Sawa" au "Shida". Waliopata meseji hizo walimeza dawa vizuri kuliko wale ambao hawakuzipata. Kwa hivyo usione haya kuandika swali lako, hata kama unaona ni dogo.

Usingoje meseji ukiona haya

Nenda hospitali mara moja ukiona:

- damu inatoka, au maji yamepasuka
- kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso au mikono imevimba
- degedege, au homa kali
- mtoto amepunguza kucheza tumboni, au ameacha kabisa

Kwa mtoto mchanga: hanyonyi, anapumua kwa haraka, mwili una joto sana au umepoa, au kitovu kinatoa usaha. Meseji ni ya kukumbusha na kushauri. Haiwezi kupima presha.

Pesa ya usiku wa manane

Tuseme ni saa nane usiku, uchungu umeanza, wakala amefunga na kwa simu kuna shilingi 70. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Jipange mapema:

1. Weka kidogo kidogo. Shilingi 50 kila siku kwa siku 120 ni shilingi 6,000.
2. Ukifunga akiba, usiifunge hadi tarehe ya kujifungua. Mtoto hasubiri kalenda. Ifunguke kufikia wiki ya 36.
3. Elewana mapema na mtu wa boda au teksi anayekubali kulipwa kwa simu, na uhifadhi nambari yake. Weka pia pesa taslimu kidogo kwa mkoba wa hospitali.
4. Chagueni mtu mmoja atakayelipa kama mama hajiwezi. Usimpe PIN yako. Mtumie sehemu ya akiba hiyo mapema ikae kwa simu yake.
5. Hakikisha umejisajili na SHA na michango imelipwa kabla ya siku kufika.

Matapeli nao wanajua una mimba

Kupokea SMS ya kawaida hakukati salio. Ukiona kredito inaisha kila siku, huenda umejiunga na huduma ya kulipia bila kujua. Piga simu kwa mtandao wako, uombe wakuondoe.

Kliniki haihitaji PIN yako. Sisi pia hatutawahi kukuuliza. Meseji ikisema "lipa ada ndogo upate msaada wa uzazi", usitume kitu. Uliza kwanza pale kituoni. Na kama simu ni ya watu wawili nyumbani, mwambie nesi, kwa sababu mwenzako ataona kila kitu kinachoandikwa.

Na wewe baba?

Usingoje kuambiwa. Mwombe mama mzisome pamoja, halafu uliza swali moja leo jioni: "Tukiondoka usiku, tunaenda na nani, na pesa iko wapi?" Mkikosa jibu, anzeni na ile shilingi 50.