Matone ya Kutuliza Uvimbe kwa Mgonjwa wa Presha ya Macho

Mgonjwa wa glakoma, yaani presha ya macho, hutumia matone kila siku ili kushusha shinikizo ndani ya jicho. Anapofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, au jicho linapovimba na kuwa jekundu, huongezewa matone ya kutuliza uvimbe. Athari za kuzitumia dawa hizo pamoja hutegemea aina ya dawa ya uvimbe.

Kundi la kwanza ni steroidi, kama vile deksamethasoni na prednisoloni. Kwa kawaida, majimaji yanayotengenezwa ndani ya jicho hutoka kupitia kichujio chembamba kilicho kwenye pembe ya mbele ya jicho. Steroidi huweza kukizibisha kichujio hicho taratibu, na shinikizo likapanda. Timololi hupunguza utengenezaji wa majimaji, nayo latanoprosti huyapanulia njia nyingine ya kutokea. Lakini steroidi ikiendelea kutumiwa, faida ya dawa hizo huweza kumezwa. Mara nyingi badiliko hilo huonekana baada ya wiki 2 hadi 6, na wagonjwa wa glakoma huathirika zaidi kuliko watu wengine. Mgonjwa huweza asihisi maumivu yoyote, ilhali uoni unaopotea kwa glakoma haurudi.

Kundi la pili ni dawa zisizo na steroidi, kama diklofenaki na ketorolaki. Hizi kwa kawaida hazipandishi shinikizo, ingawa zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru konea.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anayetoa steroidi amuulize mgonjwa kama yeye au ndugu yake wa damu ana glakoma, apange tarehe ya kupima shinikizo, na aandike siku ya kumaliza dawa. Ikumbukwe kwamba baadhi ya matone ya antibayotiki yanayouzwa madukani yamechanganywa na steroidi.

Mgonjwa naye asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, wala asirudie chupa ya zamani kila jicho linapowasha. Kati ya dawa moja na nyingine asubiri angalau dakika 5, ili tone la pili lisisombe la kwanza. Aendapo kliniki, achukue chupa zake zote.