Ekskaveta Maniema ya Kusini: Bei Yake Iko Kwenye Saa

Je, wajua kwamba ekskaveta ya tani 20 hukanyaga ardhi kwa mgandamizo unaokaribiana na wa mtu anayetembea kwa miguu? Kila cheni yake ina upana wa sentimita 60 hivi, na imelala chini kwa zaidi ya mita 3. Uzito wote ukitandazwa juu ya cheni hizo mbili, kila sentimita ya mraba ya udongo hubeba takriban nusu kilo tu. Ndiyo maana mashine hii huingia kwenye potopoto ambamo lori lililojaa mzigo lingezama hadi ekseli.

Lakini ipakie ekskaveta hiyo juu ya trela, uifikishe kwenye daraja la mbao la kijijini, na mambo yanageuka. Daraja hubeba tani zote kwa pamoja: za mashine, za trela na za kichwa kinachovuta, ambazo hukaribia 40. Mashine isiyoshindwa na tope inaweza kushindwa na magogo manne yaliyolazwa juu ya kijito.

Wafanyabiashara wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, wanaotamani kununua ekskaveta ili wafanye kazi za tenda huanza na swali moja: inauzwa bei gani? Ni swali la haki, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: kwa mwaka mzima, mashine itafanya kazi saa ngapi?

Nguvu inatoka wapi

Mashine ya kwanza ya kuchimba kwa ndoo ilibuniwa Marekani na kijana aitwaye William Otis, aliyepata hataza yake mwaka 1839. Ilitumia mvuke, na mkono wake ulivutwa kwa minyororo. Kwa zaidi ya miaka 100 kamba na minyororo ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wahandisi wa Ulaya walianza kuviweka kando na kutumia mafuta yaliyogandamizwa ndani ya mabomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Poclain ya Ufaransa ilitoa mashine iliyoendeshwa yote kwa mafuta, yenye uwezo wa kuzunguka duara kamili. Ekskaveta zote tunazoziona leo barabarani zimefuata njia hiyo.

Kanuni yake ni ya Mfaransa mwingine, Blaise Pascal, wa karne ya 17: ukigandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo huo huenda pande zote bila kupungua. Injini ya ekskaveta ya tani 20 ina nguvu za farasi 150 hivi, na kazi yake kubwa ni kuzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta hadi kila sentimita ya mraba ibebe nguvu ya kilo zipatazo 350. Mafuta hayo yakiingia kwenye silinda yenye kipenyo cha sentimita 12, pistoni husukumwa kwa nguvu ya karibu tani 40. Kwa kuwa mkono ni mrefu, sehemu ya nguvu hiyo hubadilishwa kuwa mwendo, na meno ya ndoo hubaki na tani 14 hivi. Hizo zinatosha kung'oa kisiki cha mti au kuvunja tabaka gumu la udongo mwekundu.

Ndoo ya mashine ya ukubwa huu hubeba karibu mita moja ya ujazo. Kuchimba, kugeuka, kumwaga na kurudi huchukua sekunde 15 hadi 20 kwa dereva mzoefu. Ukitoa muda wa kusogea na kusubiri malori, mita 80 za ujazo kwa saa ni makadirio ya busara. Mtu mwenye sururu na chepe, kwenye udongo wa kawaida, huchimba mita 2 hadi 4 kwa siku nzima. Kwa hiyo siku moja ya ekskaveta ni kazi ya watu 200 na zaidi. Hesabu hii ndiyo inayowavutia wanunuzi wengi, lakini inaonyesha mapato peke yake.

Mlo wake wa kila siku

Ekskaveta ya tani 20 hunywa mazutu lita 12 hadi 18 kwa saa, kutegemea ugumu wa kazi. Tukichukua lita 15, siku ya saa nane inamaliza lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni lita 3,120, karibu mapipa 16. Mapipa hayo yanapaswa kufika hadi kwenye kazi yenyewe, kwa barabara ileile ambayo mashine imeitwa kuitengeneza.

Tena mazutu yenyewe yanapaswa kuwa safi. Pipa lililokaa nje huvuta unyevu usiku, na maji huzama chini kwa kuwa ni mazito kuliko mazutu. Injini za kisasa hupuliza mafuta kupitia matundu membamba mno. Tone la maji au chembe ya kutu ikifika pale, nozeli huharibika, na nozeli moja huweza kusimamisha mashine kwa wiki nzima ikiwa kipuri kinatoka Bukavu au Lubumbashi. Fundi mwangalifu huliacha pipa litulie, hafyonzi mpaka chini, na kila asubuhi hufungua kizibo cha chini ya filta ya kutenganisha maji, akakinga matone ya kwanza kwenye chupa ya kioo. Akiona mstari katikati ya chupa, maji chini na mazutu juu, injini haiwashwi mpaka filta itoe mazutu matupu. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Sehemu ya pili ya kuchungwa ni mahali mkono unapokutana na ndoo. Pale pana pini ya chuma iliyopita ndani ya bushi, na kati yake grisi. Grisi ikikauka, mchanga huingia na kuisaga pini polepole. Mwanzoni ndoo hutikisika kidogo tu. Baadaye tundu lenyewe hupanuka, na hapo hakuna grisi itakayosaidia: lazima lijazwe kwa kulehemu na kuchongwa upya. Mkebe wa grisi ni bei ndogo sana ukilinganisha na kazi hiyo.

Cheni na rola zake ndizo hula fedha nyingi zaidi. Watengenezaji wenyewe hukadiria kwamba sehemu ya chini ya mashine huweza kuchukua hadi nusu ya gharama zote za matengenezo. Changarawe yenye mawe makali huisaga, na mwendo mrefu huisaga zaidi. Mashine hii hutembea kilomita 3 hadi 5 kwa saa, na haikuundwa kusafiri. Anayeitembeza kwa cheni kutoka tenda moja hadi nyingine ili aokoe fedha za trela atazilipa baadaye, na kwa nyongeza.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa mashine iliyotumika, bila kudai kwamba ndiyo bei ya soko. Imenunuliwa dola 70,000. Usafiri na ushuru wa forodha mpaka Kasongo vimegharimu 30,000. Jumla ni dola 100,000. Baada ya miaka mitano itauzwa kwa 30,000, kwa hiyo kila mwaka inapoteza 14,000. Riba, kwa asilimia 15 ya wastani wa mtaji uliolala humo, ni 9,750. Dereva mmoja na walinzi wawili wanalipwa 1,200 kwa mwezi, yaani 14,400 kwa mwaka. Gharama hizi zisizosubiri kazi ni dola 38,150 kwa mwaka. Zaidi ya dola 100 zinatoka kila siku, hata siku ambayo injini haikuwashwa.

Halafu kuna gharama za kila saa ya kazi: mazutu dola 30, ikiwa lita inauzwa 2, vilainishi na filta 3, cheni na matengenezo 12. Jumla ni 45.

Mashine hiyo ikifanya kazi saa 1,500 kwa mwaka, kila saa inamgharimu mwenyewe karibu dola 70. Ikifanya saa 500, saa ileile inamgharimu karibu 121. Ni mashine ileile, dereva yuleyule, mazutu yaleyale. Ikiwa mteja analipa dola 90 kwa saa, mwenye saa 1,500 anapata faida ya karibu 20 kwa kila saa, mwenye saa 500 anapoteza zaidi ya 30. Ili fedha zirudi bila faida wala hasara, mashine lazima ifanye saa 848 kila mwaka.

Saa za Maniema

Je, saa 848 zinapatikana Maniema ya kusini? Kiangazi kikavu hasa ni Juni hadi Agosti. Ukitoa Jumapili, hizo ni siku 78 hivi. Kwa saa nane kila siku, bila hata siku moja ya kuharibika, unapata 624. Zilizobaki zaidi ya 200 lazima zitafutwe wakati wa mvua, ambapo ekskaveta inaweza kuchimba lakini malori ya kubeba udongo yanakwama.

Njia ya kufika nayo ni ndefu. Mzigo unaotoka bandari ya Dar es Salaam unaweza kupita kwa reli hadi Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha ukafuata reli iliyofika Kabalo mwaka 1915 na ile ya Kongolo kwenda Kindu. Lakini reli hiyo inapita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba, na Kasongo iko mashariki. Kwa barabara, njia ya kitaifa RN2 inaunganisha Kasongo na Mbuji-Mayi upande mmoja na Bukavu upande wa pili. Kila mto njiani unauliza swali lilelile la tani 40.

Kisha kuna mteja. Kule Salamabila, teritwari ya Kabambare, mgodi wa dhahabu wa Namoya wa kampuni ya Banro ya Kanada ulitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Mwaka 2019 shughuli zilisimamishwa kwa sababu ya usalama. Aliyekuwa amenunua mashine akitegemea mteja mmoja wa aina hiyo angebaki na riba na walinzi wa kulipa. Katika jimbo jirani la Kivu Kusini, Agosti 2021, gavana alisimamisha kampuni kadhaa zilizokuwa zikichimba dhahabu Mwenga. Amri kama hiyo huzima injini siku hiyohiyo, ilhali deni la benki linaendelea.

Sheria nayo isomwe kabla ya kulipa. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2018, inawapa wachimbaji wadogo ruhusa ya kutumia zana zisizo za kiwanda, na kina kisichozidi mita 30. Ekskaveta inahitaji kibali cha aina nyingine. Anayeipeleka mtoni kwenye mashimo ya wachimbaji kwa makubaliano ya mdomo anaiweka mashine yake mahali inapoweza kukamatwa, na anawaachia wakulima kingo zilizobomoka na maji ya tope. Kwa upande mwingine, sheria ya Februari 2017 imewatengea Wakongomani kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni kubwa. Mwenye hati kamili ana mlango wa halali wa kupitia.

Watu na mashine

Barabara za vijijini zimetunzwa miaka mingi na kamati za wenyeji, wanaofyeka majani, kuzibua mitaro na kuziba mashimo kwa mikono. Kazi hiyo iachwe mikononi mwao. Kuzibua mtaro wa sentimita 40 kwa mashine ya tani 20 ni kuchoma mazutu bure na kuwanyima watu ujira. Ekskaveta inafaa pale mikono inaposhindwa: kukata kilima, kuchimba changarawe kwa wingi, kuweka kalavati kubwa, kuinua barabara iliyozama kwenye kinamasi. Mkandarasi anayepanga hivyo hupata saa nzuri za mashine yake, na wanakijiji hupata barabara inayodumu.

Kabla ya kununua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kwenye daftari tenda zilizotiwa saini, si zilizoahidiwa, na saa za kila moja. Usafirishaji wa mashine uwe na bei yake ndani ya mkataba, na siku ambazo mteja anaisimamisha zilipwe pia. Tenga fedha za filta, nozeli na bushi kabla mashine haijaondoka bandarini. Ukiwa na saa 300, kodi. Ukiwa na 500, tafuta mwenzio mwenye nyingine 500, mnunue pamoja kwa mkataba ulioandikwa. Ukiwa na 900 kutoka kwa wateja zaidi ya mmoja, nunua, na umlipe vizuri dereva anayekinga matone ya filta kila asubuhi, maana saa hizo zote zimo mikononi mwake.

Kasongo na Kabambare zinahitaji mashine hizi. Mgonjwa anayepelekwa hospitali na mpunga unaopelekwa sokoni vyote vinasubiri barabara. Mashine iliyonunuliwa kwa hesabu itaendelea kuchimba mwaka wa tano, na mwenyewe atapata fedha ya kununua ya pili.