Shule ya mtaa na mtihani mpya wa kuishi pamoja

UKIPITA asubuhi na mapema katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Manzese au Tandale, jijini Dar es Salaam, utawakuta watoto wa mashati meupe wakikimbilia kuwahi namba, baadhi wakiwa na fagio mkononi. Mmoja ni Mzaramo, mwingine Mchaga, wa tatu wazazi wake wametoka Kigoma. Uwanja wote wanaufagia wao, na hakuna anayegawiwa eneo kwa kabila lake.

Hali hii haikujileta yenyewe. Wakati wa utawala wa Waingereza shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Utengano huo ulikomeshwa kuanzia Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zijenge moyo wa ushirikiano, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 nayo ikafungua njia ya shule za mashirika ya dini kuwekwa chini ya Serikali.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni kipindi cha dini. Kengele ikilia, darasa hugawanyika: Waislamu huenda kwa ustadhi wao, Wakristo kwa mwalimu wao. Walimu hao aghalabu hutoka misikitini na makanisani. Kipindi kikiisha, wote hurudi kwenye dawati lile lile, msichana aliyevaa hijabu akikaa na mwenzake asiyeivaa, na somo la hisabati linaendelea. Mtoto hujifunza hapo, bila kuhubiriwa, kwamba tofauti ina saa yake na mahali pake. Utani nao hufanya kazi yake. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na watoto huurithi utani huo kabla ya kuijua historia yake.

Kwa kabila na dini, basi, shule ya mtaa imefaulu kwa kiasi kikubwa. Penye mashaka ni pa kipato.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watoto wakaongezeka, na elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yakafurika zaidi. Zipo shule zilizolazimika kusoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Januari 2018, Rais John Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za umma. Agizo hilo liliwanusuru watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha, na lilikuwa la haki. Hata hivyo, baadhi ya wazazi walilielewa vibaya, wakadhani kwamba shule sasa ni mali ya Serikali peke yake na wao hawana la kufanya.

Wenye uwezo, kwa upande wao, wamehamishia watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza. Basi la njano huwachukua alfajiri na kuwarudisha jioni, na shule ya jirani wanaiita "Kayumba", jina la dhihaka ambalo watoto wanaosoma humo wanalisikia na kulielewa.

Pengo hilo huonekana wazi katika kikao cha wazazi. Mhasibu, muuguzi na fundi seremala waliweza kukaa benchi moja, wakibishana kuhusu uji wa watoto au paa linalovuja. Mhasibu akikagua hesabu, fundi akijitolea kutengeneza madawati. Mhasibu akishahamisha mtoto wake, hana tena sababu ya kuhudhuria. Fundi hubaki na mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati ya shule, na hoja ya choo kilichojaa husogezwa hadi kikao kijacho.