Damu ya Mzee Inapotuama Upesi

Mara nyingi tunakuta jamaa wamehangaika kwa ajili ya karatasi ya maabara: bibi wa miaka 76 ana ESR 40, nao hawalali.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Damu husimamishwa katika mrija mwembamba, na baada ya saa moja hutazamwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukipambana na ugonjwa, protini fulani huongezeka katika damu, chembe hushikamana na kushuka upesi. Lakini umri nao huipandisha namba hiyo, na upungufu wa damu vilevile. Waganga hukadiria hivi: kikomo cha mwanamume ni nusu ya umri wake, kwa mwanamke, ongeza 10 kwenye umri, kisha gawa kwa 2. Kikomo cha bibi huyu basi ni 43.

Kipimo kingine, CRP, hupanda na kushuka upesi zaidi. Chafaa kwa wazee, maana mzee aweza kuwa na nimonia bila homa.

Tunasikitishwa na wanaonunua antibiotiki "za kushusha ESR". Namba haitibiwi. Ila ikipita 100, au mzee akikonda, akitoka jasho usiku au akiumwa mgongo siku nyingi, mpelekeni apimwe kifua kikuu na kansa ya uboho. Na kichwa kikianza kumuuma kwenye panja, taya zikimuuma atafunapo, msingoje kesho: huenda ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya kichwa, nao hupofusha.