Nani Akukagulie Tovuti, na kwa Shilingi Ngapi

Dada yangu ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Ofisi ni chumba kimoja Moshi mjini, si mbali na mnara wa saa: meza mbili, ramani ya njia za mlima ukutani, na laptopu ambayo ndiyo duka lenyewe, maana wageni wake karibu wote humpata wakiwa bado kwao, Ujerumani au Marekani, wakiiuliza Google bei ya njia ya Machame kwa siku saba. Mwaka juzi mwezi Machi alitengenezewa tovuti mpya. Nzuri kweli, picha ya kilele cha Uhuru imejaa skrini nzima. Maulizo yakaanza kupungua. Aprili na Mei hakushtuka, masika ndivyo yalivyo. Juni ilipofika, mwezi ambao kwa kawaida hapati nafasi ya kula, akanipigia.

Nikamwambia atafute mtu wa kuikagua tovuti upande wa SEO, yaani namna Google inavyoisoma na inakoipanga. Baada ya wiki mbili tulikuwa na bei nne mezani. Ya chini dola 30, ya juu dola 1,200. Kazi ni ile ile kwa jina, bei moja imezidi nyingine mara 40, na sisi wawili hatukuwa na kipimo cha kujua nani anatudanganya.

Ya dola 30, kitu kama shilingi 75,000, ilitoka kwa kijana tuliyemwona Fiverr. Soko hilo la mtandaoni lilianza mwaka 2010 kwa kazi za dola 5, na humkata muuzaji asilimia 20 ya anacholipwa, kwa hiyo kati ya zile 30 yeye alibaki na 24. Mtu atakupa saa ngapi za akili yake kwa dola 24? Dada akasema ni hela ya mboga, tujaribu. Kesho yake asubuhi ikaja PDF ya kurasa 48, nembo ya kampuni yake juu kushoto, miduara myekundu na ya njano kila mahali, alama 61 kati ya 100. Matatizo 83.

Tukaisoma yote, kalamu mkononi. Ukurasa wa sita ulitulaumu kwa kutoweka orodha ya maneno muhimu ndani ya msimbo wa kurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba orodha hiyo haiitumii kupanga matokeo. Mtu mwenye ujuzi angeisoma ripoti kabla ya kuituma, angelifuta hilo. Lakini hakuna aliyeisoma; programu iliitoa, kijana akabandika nembo. Ukitaka kumpima mkaguzi wa bei hizi, anzia hapo: mwombe ripoti aliyomfanyia mteja mwingine, majina yakiwa yamefichwa, utafute kama maneno muhimu yamo kwenye orodha ya makosa. Yakiwemo, okoa hela yako.

Bei ya pili ilitoka kampuni ya Dar es Salaam. Hawa walituandalia kikao cha mtandaoni, watu watatu upande wao, slaidi zimepangika. Ukaguzi shilingi 2,000,000. Chini kwa maandishi madogo, bila VAT. Ongeza asilimia 18 inakuwa 2,360,000. Chini zaidi, ukaguzi huo hawaufanyi peke yake, unakuja na mkataba wa miezi sita wa kurekebisha, 800,000 kila mwezi. Yaani kabla hajakupima, fundi ameshajua kwamba utahitaji injini mpya. Sisemi ni wezi. Mwenye duka la mtandaoni lenye bidhaa elfu tatu, au gazeti lenye habari za miaka kumi, anahitaji timu ya namna hii, na programu wanazotumia hazigawiwi bure: Semrush, kwa mfano, mpango wake wa kawaida wa chini umekuwa ukizidi dola 100 kwa mwezi. Ila tovuti ya dada ina kurasa 64.

Kilichonikera kwenye kikao kile ni kitu kingine. Walituambia "mamlaka ya domeni" yetu ni 9 kati ya 100, kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya damu, na kwamba wao wataipandisha hadi 30. Namba hiyo ni ya kampuni ya Moz. Wenzao Ahrefs wana ya kwao. Ni makadirio ya wauza programu, yana matumizi yake, lakini Google haiitumii, na anayeahidi kukupandishia namba hiyo mara nyingi anakusudia kukununulia viungo kutoka tovuti za ovyo, jambo ambalo Google inalikataza na linaweza kukushusha zaidi. Vivyo hivyo anayeahidi nafasi ya kwanza. Google wenyewe, katika maelezo yao kwa wanaotafuta mtaalamu wa SEO, wanasema hakuna anayeweza kuihakikisha, na kwamba mabadiliko huchukua kati ya miezi minne na mwaka kuonyesha faida. Ukisikia "wiki mbili," funga laptopu.

Bei ya tatu ilikuwa ya mshauri wa Ulaya: dola 120 kwa saa, zisizopungua saa kumi. Karibu milioni tatu. Barua pepe yake ilikuwa ya kiungwana, na nadhani kazi yake ingekuwa nzuri. Hatukufika mbali naye.

Bei ya nne ilikuwa ya binti mmoja wa Arusha, aliyewahi kukaa mapokezi ya kampuni ya utalii kabla ya kujifunza mambo haya. Shilingi 450,000, nusu kabla, nusu baada. Kabla ya kutaja bei alimuuliza dada maswali kwenye WhatsApp kwa muda wa nusu saa. Moja ndilo lililonifanya nimwamini.

"Dada, hii tovuti ilibadilishwa lini?"

"Machi. Kwani?"

"Na ile ya zamani, anwani za kurasa zake mlizifanyaje?"

Dada akanitazama. Anwani za kurasa zilifanywa nini? Hakuna aliyejua kwamba kuna cha kufanya.

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana kuna kazi ambayo tulipaswa kuimaliza kabla ya kuomba bei kwa mtu yeyote, na haina gharama. Google ina huduma ya bure iitwayo Search Console. Inakuonyesha watu walitafuta maneno gani wakakuona, wangapi walibofya, na kurasa zipi Google imeshindwa kuziingiza kwenye faharasa yake. Inatunza takwimu za miezi 16. PageSpeed Insights, nayo bure, inapima kasi: kipimo chao ni kwamba kitu kikubwa zaidi kinachoonekana mgeni anapofungua ukurasa kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Ile picha yetu ya Uhuru kwenye simu ilichukua tisa. Tukaipunguza wenyewe kwa dakika kumi. Screaming Frog, programu inayotembea tovuti nzima kama Google itembeavyo, ni bure hadi anwani 500, na kurasa 64 ni chini ya hapo kwa mbali. Na kama tovuti ni ya WordPress, ingia kwenye mipangilio ya usomaji uangalie kile kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi, kisha husahau kuiondoa. Kwetu hakikuwa na alama, lakini ningejisikia vibaya kulipa laki nne na nusu ili kuambiwa hivyo.

Suala la funguo nalo. Mkaguzi hahitaji nywila ya kuingia na kubadili tovuti. Search Console inaruhusu kumwongeza mtu kwa barua pepe yake akawa mtazamaji tu, na kazi ikiisha unamtoa. Aking'ang'ania nywila ya utawala ili akague, huyo anataka kingine. Na kabla ya yote hakikisha mmiliki wa akaunti ni wewe. Niliona kwa jirani yetu wa hoteli domeni imesajiliwa kwa jina la kijana aliyemtengenezea tovuti. Kijana alipohamia nchi nyingine hakupatikana, na jina la hoteli likakwenda naye.

Binti wa Arusha akaleta kazi yake siku ya tano. Kurasa mbili na nusu, hazina hata duara. Juu kabisa aliweka mchoro wa miezi 16 kutoka Search Console: mstari unakwenda vizuri, unafika wiki ya tatu ya Machi, unaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye changarawe za Kibo. Chini yake aliandika kwamba tovuti mpya ilizipa kurasa zote anwani mpya, na za zamani zikafa bila kuelekezwa popote. Ukurasa wa Machame uliokuwa umeunganishwa na wasafiri walioandika kuhusu safari zao, na kitabu kimoja cha mwongozo mtandaoni, sasa ulikuwa unamwambia mgeni kwamba haupo. Anwani 37 za namna hiyo. Aliifufua orodha yake kwa Wayback Machine, hifadhi ya bure ya kurasa za zamani za intaneti, akatupangia kwenye jedwali: hii ya zamani iende kwenye hii mpya. Mambo mengine matatu yalifuata, kila moja na neno moja pembeni: "sasa", "mwezi ujao", "ukipata muda".

Nikaifungua tena ile PDF ya dola 30. Ukurasa wa 31, kati ya "picha 52 hazina maelezo" na "vichwa vya habari virefu mno", palikuwa na mstari: viungo vilivyokufa, 37. Ilikuwepo. Tuliipitia kwa kalamu na hatukuiona, kwa sababu ilipewa rangi ya njano kama nyingine zote. Tofauti ya 75,000 na 450,000 ilikuwa ni mtu wa kuuliza tovuti ilibadilishwa lini.

Kwa hiyo mwenye tovuti ndogo akiniuliza leo, nitamwambia atafute mtu mmoja anayeijua biashara yake kuliko anavyozijua programu, amlipe kwa kazi ya siku mbili tatu, na asimpe kazi ya kurekebisha kwenye mkataba ule ule. Sisi tuliongeza sharti moja ambalo nalipendekeza: shilingi 100,000 kati ya ile nusu ya mwisho zilipwe baada ya miezi mitatu, akirudi kutazama mchoro na sisi.

Jedwali lile fundi wa tovuti alilimaliza mchana mmoja. Ukurasa wa Machame ulirejea taratibu, ukaanza kuleta maulizo wiki ya saba. Wa njia ya Lemosho pia. Wa Marangu haujarudi hadi leo, na binti alipokuja kuchukua laki yake alisema hilo halimhusu mkaguzi: bei zilizopo pale ni za mwaka 2019, na picha ya kibanda cha Mandara imepigwa siku ya ukungu. Dada anauandika upya mwenyewe, usiku, wapagazi wakishalipwa.